Bustani ya Mpangaji

Hapa Nairobi nimeishi nyumba tatu za kupanga, na mbili kati yake niliziacha bustani ikiwa bado inazaa. Ya kwanza ilikuwa Embakasi, magunia manne kando ya kamba za nguo. Ya pili Kangemi, kipande cha ardhi ambacho ungetandika godoro la futi sita na nafasi ingekwisha. Sasa niko Kahawa West na nimeshaanza tena, ingawa najua hapa pia sitazeekea. Haya nayaandika kwa ajili yako wewe unayelipa kodi kila tarehe tano na bado mikono inakuwasha mvua ya kwanza ya Machi inapogonga mabati.

Ushauri mwingi wa kilimo huandikiwa mtu mwenye hati ya shamba. Panda mparachichi, usubiri miaka mitatu. Miaka mitatu! Mimi notisi yangu ni ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kabla sijauliza bei ya mche wowote, huuliza nitakula lini. Terere, yaani mchicha, unaikata baada ya wiki tatu au nne. Dania hukawia kidogo, na ni lazima uziponde mbegu zake kidogo ili zigawanyike kabla ya kupanda, la sivyo utaketi ukitazama udongo. Sukuma wiki huanza kuchumwa kama mwezi mmoja na nusu baada ya kuihamisha kutoka kitaluni, na ukichuma majani ya chini ukauacha moyo wake, itakulisha miezi mingi.

Nyanya ni kamari. Mwaka mmoja nilienda kwa mzee anayeuza miche kando ya barabara, nikamwambia anifungie miche ishirini ya nyanya. Ilikuwa Mei. Akaniangalia. "Mama, nyanya saa hii? Ngoja Agosti." Nikadhani ananizungusha, nikanunua. Zilipanda vizuri, nikazifunga kwenye vijiti, nikajigamba. Julai ikaja na baridi yake, wiki nzima mawingu na manyunyu, na majani yakaanza kuwa na madoa meusi kana kwamba mtu ameyamwagia maji moto. Ni baka jani, ugonjwa unaopenda baridi na unyevu, na ukishaingia haukuombi ruhusa. Baada ya siku chache tu sikuwa na kitu. Muuzaji anayekataa pesa yako, msikilize.

Yule mzee alinifunza mengi kuliko kitabu chochote. Hauzi mche kabla ya kukuuliza udongo wako ni wa rangi gani, jua hufika hapo kuanzia saa ngapi, na nani atamwagilia ukiwa kazini. Hilo la tatu huwashinda wengi. Nilipomwambia ni Embakasi alicheka. Udongo wa huko ni ule mweusi: ukinyeshewa hunata kwenye kiatu kama unga wa chapati, ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza kidole. Akasema nisipigane nao, nitafute magunia.

Bustani ya gunia si jambo geni mjini. Kibera na Mathare magunia yalienea sana baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu walipohitaji mboga na hawakuwa na hata hatua moja ya ardhi. Ila kuna namna ya kuyajaza. Chukua gunia la kilo 90. Changanya udongo mwekundu sehemu mbili na samadi iliyoiva sehemu moja. Katikati simamisha kopo kubwa lililokatwa kitako na mdomo likabaki wazi chini na juu, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha ulivute juu na kurudia hadi gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe katikati, na maji hupita humo hadi chini. Mbavuni toboa matundu, usiyapange kwa mstari mmoja, upande miche humo.

Gunia langu la kwanza halikuwa na mawe. Niliona ni kazi ya bure. Maji yakaishia juu, miche ya chini ikafa kiu huku ya juu ikioza. La pili nililijaza samadi mbichi ya mbuzi, ikaunguza kila kitu. Samadi iliyoiva ukiichomeka mkono haina joto, hainuki, na humomonyoka kama majani ya chai. Ikikutoa machozi, iache miezi miwili mitatu.

Maji Embakasi yalikuja mara mbili kwa wiki. Nilimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele na mboga, jioni, kwenye shina na si kwenye majani. Maji ya mto Nairobi siyagusi. Najua wapo wanaolima kando yake na siwalaumu, tumbo halina subira, lakini mto unaobeba maji taka na uchafu wa viwanda huacha kwenye jani vitu ambavyo chumvi na maji ya bomba haviondoi.

Nilipohamia Kangemi udongo ulikuwa mwekundu na mwepesi, nikajiona tajiri. Huko ndiko nilikokutana na wakulima wa ploti. Yupo yule wa Aprili: mvua ikianza anunue jembe jipya, apige picha, Juni shamba ni nyasi. Yupo anayehesabu majani yake, na ukikata moja tu anajua. Na alikuwepo jirani yangu wa mlango wa tatu, mama wa kutoka Kakamega, ambaye alikuwa na mrenda, kunde, saga na managu kwenye eneo dogo kuliko meza yangu. Nilimuuliza kwa nini hapandi spinachi kama wengine. "Hiyo itanikumbusha nani?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka mbegu, elimu ambayo mpangaji anaihitaji kwa sababu mbegu ndiyo shamba pekee unaloweza kuhama nalo mfukoni. Acha managu mbili tatu zisichumwe. Lakini usichague ile iliyotangulia kutoa maua. Chagua iliyochelewa, yenye majani mengi, maana inayokimbilia maua itakuzalia watoto wa tabia hiyohiyo. Matunda yakiiva yaponde ndani ya maji, mbegu zizame, mwaga maganda, uzianike kivulini. Mboga hizi wengi walikuwa wakiziita magugu, hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT kule Juja walipozipigania. Yule mama hakuhitaji kupiganiwa.

Kuhusu mwenye nyumba: omba kabla ya kuchimba. Kaunti ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, lakini ndani ya geti hutakwenda kumsomea mtu vifungu. Mpelekee sukuma ya kwanza. Mkono mtupu haulambwi. Mimi kule Kangemi sikuomba. Jumamosi moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta lori limemwaga matofali ya kabro juu ya sukuma yangu, kumbe wapangaji wawili wamenunua magari. Sikuwa na la kusema, maana ardhi haikuwa yangu.

Siku hizi napanda kwenye mitungi ya lita 20 niliyoikata mdomo na kuitoboa chini. Tulipohama Embakasi gunia lililonyeshewa liliwashinda vijana wawili na mwenye mkokoteni akaongeza bei papo hapo. Mtungi naubeba mwenyewe. Ukijua unahama, acha kumwagilia siku tatu kabla.

Kitu kimoja kabro haikukifikia: nduma nilizopanda pale tangi la maji hufurika. Juzi msimamizi wa ploti akanipigia. Mpangaji mpya anauliza zile za majani makubwa ni za nini, na kama ni chakula, zitachimbwa lini. Nikamwambia angoje majani yaanze kupungua na kugeuka manjano, asichimbe zote, na vichwa avirudishe matopeni. Na aniwekee mbili.