Nyumba ya watu wenye kazi hapa Kigoma: mimi nilianza na mkaa

Dada mleta mada, nimesoma andiko lako mara mbili. Umesema mmehamia Kigoma mjini tangu Januari, wewe na mumeo wote mko kazini mpaka jioni, watoto wawili wako shule, na ikifika tarehe 20 mshahara umekwisha huku chipsi zikiliwa mara tatu kwa wiki, kwa sababu hakuna anayerudi nyumbani akiwa na nguvu za kupika. Umeuliza sisi tunaokaa huku tunamudu vipi. Waliotangulia wamekushauri upunguze nyama na soda, na sipingani nao. Ila kwangu mimi kilichobadilisha nyumba ni kuangalia moto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mwanga hapahapa Kigoma mjini, huu ni mwaka wa 11. Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga njia ya Kasulu na Kibondo, kwa hiyo siku nyingi za wiki nyumba ni mimi, watoto wetu watatu na mtoto wa wifi yangu anayesoma sekondari. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni nikiwa na madaftari ya kusahihisha.

Mwaka 2019 nilianza kuandika kwenye kalenda ya ukutani kila siku ninapofungua gunia la mkaa. Nilikuwa naamini gunia linanikalia mwezi. Lilikuwa linakaa siku 17. Nilipopiga hesabu ya mwezi mzima nikakuta mkaa unakula fedha kuliko maharage, dagaa na mboga za majani vikiwekwa pamoja. Na tazama jambo la pili: jiko likiwaka kwa muda wa saa tatu kwa ajili ya maharage, kuna mtu amekaa macho muda wote huo kulichochea na kuongeza maji. Uchovu unaokupeleka kwenye banda la chipsi na fedha inayokwisha tarehe 20 vinatoka kwenye jiko hilohilo. Ndiyo maana sikushauri uanze kwa kubana chakula cha watoto.

Nianze na maharage, kwa sababu ndiyo yanayomaliza mkaa kuliko kitu chochote. Maharage ya Kasulu na Buhigwe hapa mjini yanapatikana muda wote, ni mazuri, na watu wengi hawayapiki katikati ya wiki kwa kuogopa muda. Mimi naloweka kilo moja na nusu Jumamosi kabla ya kulala. Asubuhi namwaga yale maji, natia mengine, nabandika. Yakishachemka nahesabu dakika 25 za kutokota kwa nguvu, mfuniko ukiwa juu. Kisha naepua bila kufunua na kuitumbukiza sufuria kwenye kapu.

Hilo kapu ni kapu kubwa la kawaida, la kusukwa, lile la kubebea ndizi sokoni. Ndani nimekunja blanketi kuukuu mara nne, chini na pembeni, hadi pamebaki nafasi ya sufuria tu. Juu naweka mto wa kulalia uliojaa vizuri, nakandamiza, nafunika na khanga, nafunga. Ukipitisha mkono pembeni usihisi joto lolote linalotoka. Ukihisi, ongeza matambara hapo. Sufuria nayo iwe imejaa karibu na ukingo, kwa sababu ikiwa nusu inapoa upesi. Baada ya saa tano hivi naondoa mto, mvuke unanipiga usoni, na nikichukua harage moja nikalibonyeza kwa vidole viwili linapondeka lote, ganda likabaki mkononi. Jiko liliwaka chini ya saa moja. Hakuna aliyekaa kulilinda.

Hapa nikuonye, maana niliumizwa na pupa yangu. Mwezi wa kwanza nilitaka kuokoa mkaa zaidi, nikawa naepua maharage mekundu pale tu yanapoanza kutoa mapovu. Yalionekana yameiva kwa nje. Usiku ule mtoto wa pili alianza kutapika, baada ya nusu saa na mkubwa, nikakesha nao hadi alfajiri nikiwanywesha maji ya chumvi na sukari. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjika kwa kuchemka kwa kweli, dakika 10 au zaidi, na joto la wastani haliiondoi. Kapu ni la kumalizia kuivisha. Kuchemsha lazima kufanyike jikoni. Na chakula kisilale humo usiku kucha: kikishakuwa vuguvugu, vijidudu vinazaliana. Kitoe, kiliwe, kinachobaki kichemshe upya.

Maharage yakiiva nayaacha bila kuungwa. Kama una friji, yagawe kwenye makopo manne, kila jioni unaunga kopo moja kwa kitunguu na nyanya, dakika kumi chakula tayari. Kama huna, pika ya siku mbili tu na uyachemshe asubuhi na jioni. Wali pia unaingia kapuni: ukichemka dakika tano na maji yake, uweke, ukaoge, ukague madaftari, ukirudi umekauka vizuri na hakuna ukoko.

Sasa dagaa. Umeandika kwamba Kigoma dagaa ni ghali kuliko ulivyotarajia. Nadhani unanunua siku mbaya. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mwanga ndio unaowakusanya, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, hivyo wavuvi wengi wanapumzika siku hizo. Nilifundishwa na mama mmoja muuza dagaa pale mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki. Nilimkuta nimeshika fedha mkononi, akanitazama akasema, "Mwalimu, leo usichukue wengi. Mwezi huu umejaa, hawa ni wa juzi na bei ni ya leo. Chukua wa kula kesho, urudi giza likiingia." Nimemwamini tangu hapo. Siku hizi nanunua mara moja kwa mwezi, zile siku za giza ambazo usiku hauna mbalamwezi, na nachagua wale walioanikwa juu ya chanja. Walioanikwa mchangani ni rahisi kidogo, lakini unalipa mchanga, na unamaliza ndoo nzima ya maji kuwaosha.

Nikifika nyumbani nawaanika tena siku moja ya jua kali juu ya bati safi, wapate kukauka hadi wakatike ukiwakunja, ndipo nawafungia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ndoo mbili zilitupitisha muda mrefu huku dagaa sokoni wakipanda bei. Tangu hapo huwa nanunua nyongeza ya ndoo moja kabla ya Mei. Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata madini ya kujenga mifupa ambayo kipande cha nyama hakimpi. Na kama mnakula ugali wa muhogo, kama wengi wetu huku, jua kwamba ule unashibisha na kutia nguvu lakini hauujengi mwili. Lazima usindikizwe na dagaa, maharage au karanga, hata kama ni kidogo.

Mawese usiyaogope. Nimeona mtu huko juu anasema ni mafuta ya watu maskini, na neno hilo limenisikitisha. Ule wekundu wake ndio mali yenyewe: mwili unaugeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga, na watoto wa shule wanaihitaji sana. Kosa tunalofanya ni kuyachoma hadi yawe meupe ili harufu ikatike. Ukifanya hivyo wekundu umekwisha, umebaki na mafuta matupu, na mkaa umeuchoma juu yake. Yatie mboga ikikaribia kuiva, yachanganyike, uepue. Pia yapime. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, unaona yenyewe asubuhi za kiangazi dumu linavyokuwa zito. Mimi nina kijiko kimoja cha chakula kwa kazi hiyo: vitatu kwa sufuria ya watu sita, basi.

Kisamvu, au sombe kama wanavyoita wengi hapa, nakipika Jumapili, siku ileile ya maharage, kwenye jiko lilelile kabla makaa hayajafa. Kitwangwe vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu yake inayotoka na mvuke. Hicho nacho sikibanii mkaa hata kidogo.

Jambo jingine lililokuwa linanimalizia gunia bila mimi kujua ni maji ya kunywa. Nilikuwa nachemsha sufuria mbili kila jioni. Tuliokuwepo 2015 tunakumbuka kipindupindu kilivyolipuka Kagunga, kijiji cha mpakani, wakimbizi wa Burundi walipojaa pale ufukweni, kwa hiyo kunywa maji hivihivi siwezi, wala wewe usijaribu. Lakini jua la Kigoma linafanya kazi hiyo bure. Chukua chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zisizo na mikwaruzo, zisizozidi lita mbili, uzioshe, ujaze maji yaliyo maangavu, uzilaze juu ya bati kwenye jua kamili kwa saa sita. Siku ya mawingu ziache siku mbili. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza yatulie hadi yawe maangavu, la sivyo jua halipenyi. Masika natumia dawa ya klorini ya maji kwa kufuata kipimo kilichoandikwa. Mtoto wa wifi yangu ndiye msimamizi wa chupa: anazilaza kabla ya kwenda shule, anazitoa jioni. Amezipanga kwa mistari miwili, za leo na za kesho, na haruhusu mtu azichanganye.

Mboga za majani nina magunia manne nyuma ya nyumba, udongo na samadi, katikati nimesimamisha kokoto ili maji yashuke hadi chini. Juu lengalenga, pembeni nimetoboa na kuchomeka matembele. Maji ni yale ya kuoshea mboga na mchele.

Asubuhi ndiyo ilikuwa inanitoa machozi, na nadhani ndiko fedha zako nyingi zinakopotea, kwa kuwa umesema watoto wanapewa fedha ya maandazi kila siku. Jioni, ukishaepua chakula, makaa bado yapo. Bandika viazi vitamu au mihogo mitamu palepale. Asubuhi ni kuweka kwenye kontena la mtoto pamoja na karanga za kukaanga kidogo na ndizi mbivu. Karanga nunua kidogokidogo, uzichambue zote juu ya ungo kwenye mwanga. Yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu, tupa, usimpe hata kuku, kwa sababu ukungu ule una sumu inayodhuru ini. Sababu hiyohiyo imenifanya niache kusaga karanga ndani ya unga wa uji wa mwezi mzima. Natwanga za siku mbili tatu, natia kwenye uji ukiwa jikoni. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita ninao, lakini kazi yake ni chai na uji wa asubuhi peke yake, na hivyo unanikalia kwa muda mrefu.

Gunia la mkaa sasa linatukalia siku 38 hadi 40. Chipsi tunakula mwisho wa mwezi, na watoto wanazifurahia zaidi kuliko zamani.

Mwisho umeuliza ufanyeje na huyo mdogo wako wa miaka minne anayekataa dagaa kwa sababu "wana macho". Wangu wa mwisho alikuwa hivyohivyo. Wakatie vichwa, wakaange wakavu bila mafuta hadi wanukie, watwange kwenye kinu kidogo wawe unga, uchekeche. Kijiko kimoja cha huo unga tia ndani ya maharage wakati wa kuyaunga. Usimfiche, mwambie ni unga wa dagaa, na ikiwezekana yeye mwenyewe ndiye atwange. Wangu alianza kwa kulamba mchi.