Kabla Hujashangilia Manowari Mpya, Uliza Itatengenezwa Wapi Ikiharibika

Mpwa wangu alikuja nyumbani Ijumaa moja baada ya swala, simu mkononi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Hata hajakaa akanionyesha orodha ya majeshi ya wanamaji ya Afrika yaliyopangwa kwa idadi ya vyombo, na Kenya haikuwa pale alipotaka iwe. Alihuzunika kweli. Kijana huyu amekulia Likoni, Mombasa. Tangu mdogo, kila tukivuka feri alikuwa akinyoosha kidole upande wa Mtongwe, iliko kambi ya wanamaji, akitafuta manowari, na azma yake ni kuvaa ile sare nyeupe.

Nilimwambia jibu langu ni refu. Na kwa kuwa vijana wengi huniuliza maswali kama lake, nimeona nimjibu hapa, wengine nao wasikie.

Mimi si askari. Ni fundi wa injini za meli, na kwa miaka 24 nimeshinda tumboni mwa vyombo vya biashara, matagi na boti za uvuvi hapa Kilindini. Siri za jeshi sizijui, na ningezijua nisingeziandika. Ninachokijua ni chuma, dizeli na maji ya chumvi. Vitu hivyo vitatu havijali kama chombo ni cha raia au cha serikali.

Miaka kadhaa nyuma nilimfanyia kazi tajiri mmoja aliyenunua tagi mbili kwa mkupuo, zile boti za kuvuta meli hadi gatini. Alizipata kwa bei nzuri, lakini zilitoka viwanda viwili tofauti na injini zake hazikuwa na undugu wowote. Siku ya kuzipokea mbuzi walichinjwa, picha zikapigwa. Mwaka na kidogo baadaye, pampu ya maji ya kupozea injini ikafa kwenye tagi moja. Spea haikupatikana Mombasa, haikupatikana Dar es Salaam, haikupatikana Dubai. Ikabidi iagizwe kiwandani, nasi tukangoja miezi mitano. Kwenye vitabu tajiri alikuwa na tagi mbili. Majini alikuwa na moja, na hiyo moja ilipofika zamu yake ya kupanda chelezo, yaani kutolewa majini ili itengenezwe, hakuwa nayo hata moja. Wateja wakaenda kwa mwingine.

Miezi yote hiyo mitano kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuizungusha ile injini kwa mkono isigande. Nilikuwa nikiinama ubavuni kutazama majani na chaza wakizidi kuota kwenye bati chini ya maji. Chombo kilichofungwa gatini hakipumziki, kinaliwa. Vile vipande vya zinki tunavyovifunga chini ili chumvi ivile vyenyewe badala ya chuma huwa vinaendelea kwisha, iwe chombo kinakwenda au kimelala. Spea ilipofika hatimaye na injini ikawaka, tagi ilitoka ikiwa nzito kama imefungwa kamba, mwendo umepungua na dizeli inakwenda zaidi. Tukaipandisha chelezo upya.

Tangu hapo, nikisoma kwamba nchi fulani ina manowari 20, kwanza hujiuliza ngapi kati yake zinaweza kung'oa nanga kesho alfajiri. Wanamaji wenyewe wana kanuni ya kukadiria: ukitaka meli moja iwe kazini baharini wakati wote, uwe nazo tatu. Moja iko doria, moja iko mazoezini na kujiandaa, na moja iko kwa mafundi. Kanuni hiyo haikutungwa na mtu mvivu, ndivyo chuma kilivyo. Kwa hiyo nchi yenye meli mbili kubwa itafikiwa na siku ambayo haina hata moja, kama tajiri wangu.

Sasa tuitazame Kenya. Jeshi letu la wanamaji lilizinduliwa Desemba 1964. Miaka miwili baadaye zikaja boti tatu za doria kutoka Uingereza, zikaitwa Simba, Chui na Ndovu. Wazee wa Likoni wanazikumbuka mpaka leo. Katikati ya miaka ya 1970 zikafuata Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee, nazo za Uingereza. Kisha 1988 zikawasili zile zilizotutia kiburi sisi watoto wa wakati ule: KNS Nyayo na KNS Umoja (KNS ni kifupi cha Kenya Navy Ship), meli za makombora zenye urefu wa karibu mita 57 na uwezo wa kufika mafundo 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Zina ndugu zake Oman, kwa sababu kiwanda kilekile cha Uingereza kilichoziunda, Vosper Thornycroft, kilimuundia Sultani meli za ukoo huohuo, ya kwanza ikiitwa Dhofar. Nilikuwa shule ya msingi. Nyayo ilipopita mkondoni tulikimbia ufukweni, tukapunga mikono mpaka ikapotea.

Watu huzikumbuka hizo mbili kwa makombora. Mimi nazikumbuka kwa safari yake ya Italia. Baada ya kutumika zaidi ya miaka 20 zilipelekwa kule kufanyiwa ukarabati mkubwa katika kiwanda cha Fincantieri, zikarudi 2011. Wengine walinung'unika wakisema kwa nini zisinunuliwe mpya. Nami nasema kuzikarabati ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua vyombo. Bati la meli iliyotunzwa huishi miaka 40 na zaidi. Kinachozeeka haraka ni mitambo, nyaya, rada na mawasiliano, na vyote hivyo hubadilishwa. Lililoniuma ni umbali tu. Meli mbili kuu za nchi zilikwenda Ulaya kutibiwa kwa sababu hapa nyumbani hatukuwa na chelezo na karakana ya kazi kama ile. Muda wote ziko kule, bahari yetu haikuwa nazo.

KNS Jasiri ndiyo iliyonifundisha mengine. Mkataba wa kuiunda Uhispania ulitiwa saini 2003. Ikaingia katika mzozo wa malipo na ile kashfa ya mikataba hewa ya serikali, Anglo Leasing, ambayo kila Mkenya mzima anaijua, na ilifika Mombasa 2012. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa darasani siku meli ilipotia nanga. Ni meli nzuri, kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo kabla yake, inayokaa baharini siku nyingi mahali ambapo boti ndogo zingegeuzwa na mawimbi ya upepo wa kusi. Lakini meli ikikaa gatini miaka mingi bila kazi, vifaa vya elektroniki huzeeka ndani yake kabla havijawashwa. Ndiyo maana mkataba wa meli hunitia wasiwasi kuliko mzinga wake. Nikisoma habari za ununuzi naangalia kama spea za miaka ya mwanzo zimo kwenye bei, kama mafundi wetu watakwenda kukaa kiwandani wakati meli inaundwa, na kama injini zake zina ukoo na injini tulizo nazo tayari.

Hilo la ukoo wa injini watu hulipuuza, na mimi sitachoka kulisema. Meli zetu zimetoka Uingereza, na Uhispania zilikotoka Shujaa na Shupavu za miaka ya 1990 na baadaye Jasiri. Ufaransa ilitupa La Rieuse 2011, nasi tukaiita Harambee II. Boti nyingi ndogo za mwendo kasi zimetoka Marekani. Kila rafiki anayekupa meli anakupa pia kabati zima la spea utakazozitafuta kwake. Majirani zetu wa Tanzania tangu mwanzo wameegemea zaidi China. Kambi yao ya Kigamboni ilijengwa kwa msaada wa Wachina, na 2015 walipokea kutoka huko Mwitongo na Msoga. Kuegemea upande mmoja kuna hatari zake, lakini fundi anayefungua injini ya pili akakuta ni ileile aliyoifungua jana anajua raha yake.

Babu zetu wa majahazi walilielewa jambo hili bila kitabu. Kusi kikikaza, chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, nyufa zake huzibwa kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Nahodha hakuondoka bandarini na kitu ambacho watu wake hawangeweza kukitengeneza kwenye mchanga wa bandari yoyote kutoka Lamu hadi Kilwa. Jahazi lilikwenda hadi Muscat likarudi kwa sababu hiyo.

Basi kwangu mimi habari kubwa ya miaka ya karibuni haikuwa manowari yoyote. Ilikuwa ni Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali iliyoanzishwa 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, ikiwa na chelezo Mtongwe na kiwanda Kisumu, kule ilikoundwa MV Uhuru II ya Ziwa Viktoria. Mara ya kwanza nilipoona kutoka ng'ambo chombo kikubwa kimepandishwa juu ya ardhi yetu, cheche za kuchomelea zikiruka, nilisimama kwenye feri mpaka makondakta wakanipigia kelele nishuke. Meli inayotengenezwa hapa inarudi kazini mapema, na kijana anayeichomelea analipwa hapa na ujuzi unabaki hapa. Anayetaka Kenya iwe na jeshi la wanamaji lenye nguvu na akili atazame pale kwanza.

Msinielewe kwamba meli zenyewe si kitu. Septemba 2012 wanajeshi wetu walitua ufukweni Kismayo kutoka baharini, na kazi ile huwezi kuifanya bila vyombo vya kubeba watu na magari kama KNS Galana na KNS Tana, meli zisizo na umbo la kuvutia ambazo hakuna kijana anayeziweka kwenye simu yake. Tangu Walinzi wa Pwani waanzishwe 2018, wavuvi haramu na magendo ya karibu na pwani vina wenyewe wa kuvishughulikia, na manowari zinaweza kwenda mbali zaidi, kwenye eneo letu la maili 200 ambako wengi wetu hatutafika maisha yetu yote. Huko ndiko samaki wetu wanakoibwa.

Kisha kuna lile la Septemba 2019, ambalo sisi wa Likoni hulitaja kwa sauti ya chini. Gari lenye mama na mtoto wake liliteleza kutoka kwenye feri katikati ya mkondo. Karibu wiki mbili tulisimama ufukweni kila siku tukitazama wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji na wenzao wakizama na kuibuka. Gari lilipatikana mita 58 chini. Kina hicho hakiendwi kwa mapafu na ushujaa peke yake. Kinataka mitungi yenye mchanganyiko maalumu wa hewa, chumba cha shinikizo, mitambo ya kupima sakafu ya bahari kwa sauti, na watu waliozoezwa kwa miaka. Pale nilijua kwamba vifaa vya mbizi vina haki sawa na mzinga katika bajeti ya kuliboresha jeshi hili. Hakuna orodha ya mtandaoni inayovihesabu.

Sasa wewe mpwa wangu, na wewe unayesoma na azma kama yake. Jeshi litakuchukua kama kuruti na litakufundisha, hilo sawa. Lakini jeshi huandikisha pia mafundi wenye vyeti, na ukiingia na ufundi mkononi unaingia mlango mwingine. Hapa Mombasa una Bandari Maritime Academy, na chuo kikuu cha ufundi, TUM, wanafundisha uhandisi wa meli. Soma dizeli, haidroliki, umeme, na kuchomelea alumini kama utampata mwalimu, kwa maana vyombo vingi vya kisasa vina alumini juu na alumini haisamehe mkono mzito. Soma Kiingereza cha vitabu vya mitambo. Jifunze kuogelea ukiwa na nguo, nami nasema hivi kwa watoto wa pwani wanaodhani wanajua.

Na ukisikia kuna mtu wa kukuingiza kwa kumpa pesa, muepuke kama mkondo wa bahari. Usajili wa jeshi ni bure, na jeshi lenyewe hulisema hilo katika matangazo yake. Nawajua wazazi wawili waliouza ng'ombe na kiwanja kwa ahadi kama hiyo. Vijana wao wako nyumbani, kiwanja kimekwenda.

Ukishaingia, usione haya kutumwa chini kwenye injini wenzako wakipigwa picha kwenye deki. Joto la kule linapita la jikoni kwa mamako mwezi wa Februari, na kelele utazibeba masikioni hadi kitandani. Lakini nahodha akisema "mwendo kamili" na meli ikaitika, aliyeiitisha ni wewe.

Mpwa wangu amelisoma hili kabla sijalitoa. Ameniuliza jambo moja tu: ile pampu ya tagi ya tajiri, ilikuwa imeundwa nchi gani? Nimemwambia aje karakana Jumamosi saa moja asubuhi, mabaki yake bado ninayo chini ya meza, ataifungua mwenyewe. Aje na ovaroli na viatu vya ngozi, na simu aiache nyumbani.