Maswali ya Wasomaji: Breki ya Mbele Kwenye Lami Iliyolowa

SWALI: Naendesha bodaboda ya cc 150, breki za shu mbele na nyuma. Kijiweni wananiambia mvua ikinyesha nisiguse kabisa breki ya mbele. Lakini nikikanyaga ya nyuma peke yake, pikipiki inaserereka na inachelewa kusimama. Nijizoezeje?
Dereva wa boda, Morogoro

JIBU: Wenzako wameona watu wakianguka, ila wamemkamata asiyehusika. Kinachoangusha ni kuibana breki ya mbele kwa mkupuo. Ukianza kupunguza mwendo, uzito huhamia mbele na kulikandamiza tairi lishike lami. Ukibana kabla uzito haujafika, tairi linagoma kuzunguka, na hapo huna hata sekunde moja ya kujiokoa. Nyuma nako kunakuwa kwepesi, ndiyo maana unaserereka.

Kwanza kagua tairi. Kipara usikifanyie zoezi, kibadilishe. Wala usipunguze upepo ukidhani tairi litashika zaidi. Kwenye maji, tairi laini hufinya mifereji yake na kushindwa kuyatoa.

Tafuta uwanja wa lami ulio wazi na uliolowa, bila abiria, ukiwa na kofia ngumu, glavu na viatu vya kufunika vifundo. Weka jiwe la alama. Fika hapo kwa kilomita 20 kwa saa ukiwa umenyooka, achia mafuta, gusa ya mguu, na papo hapo anza kubana ya mkono: kwanza uondoe ulegevu tu, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo, kama anayekamua chungwa. Klachi ibane mwishoni, injini isizimike. Macho yawe mbele, si kwenye tairi. Rudia mara kumi, pima hatua kutoka kwenye jiwe, ndipo upande hadi 30, halafu 40. Usishangae: kwa 40, umbali wa kufunga breki ni kama mara nne ya ule wa 20.

Tairi la mbele likiteleza, achia breki ya mkono mara moja kisha bana upya polepole. La nyuma likiteleza pikipiki ikiwa imenyooka, legeza mguu. Lakini kama mkia umeshaenda upande, usiachie ghafla. Tairi likishika tena linaweza kukurusha.

Ukishazoea, rudia na mwenzako nyuma. Breki ya mguu itafanya kazi zaidi kwa sababu uzito upo huko, lakini utahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Barabarani, maliza kupunguza mwendo kabla ya mistari ya rangi na mifuniko ya chuma. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote: vumbi na oili vinakuwa utelezi mtupu.

SWALI: Nikivuka dimbwi, breki zinapotea. Kwa nini?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Maji yameingia kati ya shu (vipande vinavyobana) na ngoma (bakuli la gurudumu vinamobania). Ukishatoka, angalia nyuma hakuna gari, kisha endesha taratibu huku umezishika breki kidogo kwa makumi kadhaa ya mita, joto litazikausha. Zikibaki dhaifu hata zikiwa kavu, fundi afungue gurudumu. Mchanga unasafishika. Shu zilizolowa oili au grisi, hata zikipigwa msasa, hazifai: nunua mpya, na kilichovujisha kirekebishwe kwanza.