Nianze mnada kwa dola moja?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Babu yangu alikuwa karani wa posta tangu enzi za ukoloni. Ametuachia albamu ya stempu, nyingi zimeandikwa Kenya Uganda Tanganyika, pamoja na bahasha kama thelathini zenye mihuri. Familia imekubali niziuze tupate karo ya mdogo wangu. Rafiki yangu ananiambia nizipeleke eBay, nianzishe mnada kwa dola moja, watu watapandishana bei wenyewe. Sijawahi kuuza chochote mtandaoni. Nifanyeje?
Mjukuu wa Karani, Umoja, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Hiyo dola moja ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kwanza. Mwaka 2011 niliinadi redio ya marehemu baba kwa bei hiyo hiyo, nikiamini maneno kama ya rafiki yako. Siku saba zikapita, akatokea mtu mmoja tu. Mnada ukishafungwa, mwenye dau la juu ndiye mwenye mali, hata kama dau ni moja. Nilimtumia redio yake, na hadi leo naionea uchungu. Bei ya chini huleta ushindani pale tu ambapo watu wengi wanakitaka kitu hicho, nao wamekiona.

Kwa hiyo usianze na bei, anza na upelelezi. Andika kwenye eBay jina la stempu, mwaka na thamani iliyochapishwa juu yake, kisha chuja uone zilizouzwa tayari. Bei anayoomba muuzaji isikushughulishe, maana hata mimi naweza kuomba milioni. Tazama kilicholipwa. Ukikuta stempu kama yako imeuzwa mara kadhaa na madau yalikuwa mengi, hapo unaweza kuanzia chini. Ukikuta dau moja moja, anzia bei ambayo hata akija mtu mmoja hutalala na kinyongo.

Elewa pia jinsi madau yanavyokwenda, maana si kama mnada wa ng'ombe ambako mnatazamana usoni. Mnunuzi huandika kwa siri kiwango chake cha juu kabisa, na mtambo humpandishia kidogo kidogo. Tuseme mmoja ameandika dola 40 na mwingine 25. Bei itasimama kwenye 26, si 40. Bila mpinzani wa pili hutaziona zile 40. Na usimwombe binamu akuwekee dau la kusukuma bei. Ni udanganyifu, na akaunti inaweza kufungwa.

Saa ya kufunga wengi hawaifikirii. Mnada wa siku saba hufungwa saa ile ile ulipouanzisha, na wanunuzi wengi hungoja dakika za mwisho. Stempu za makoloni ya Uingereza zina wapenzi wengi huko Uingereza, basi wafuate wao. Saa nne usiku ya Jumapili hapa Nairobi ni saa mbili usiku kwao wakati wa kiangazi, wakiwa nyumbani wamekwisha kula. Majira ya baridi sogeza hadi saa tano. Ukianzisha mnada wako saa tatu asubuhi kabla ya kwenda kazini, utafungwa wao wakiwa bado wamelala.

Kabla ya kuandika gharama ya kutuma, funga kifurushi cha mfano, kadibodi ngumu pande zote mbili, ukipime pale posta kuu ya Kenyatta Avenue. Usikisie. Kumbuka eBay hukata asilimia yake kwenye jumla yote, na nauli ya posta imo. Tuma kwa rejista, upewe nambari ya herufi mbili, tarakimu tisa na KE mwishoni. Hiyo ndiyo ushahidi wako mnunuzi akidai hakupokea. Majina kwenye akaunti yako ya kuuzia yalingane na ya kitambulisho na benki. Usitume kitu kabla malipo hayajaonekana ndani ya akaunti yenyewe. Ujumbe wa barua pepe unaosema umelipwa zaidi, urudishe chenji, ni wa mwizi.

Usiiweke albamu nzima siku ya kwanza. Chagua stempu tano za kawaida ujifunzie, mnunuzi akusifie kwa maandishi, ndipo upandishe zile nzuri. Mgeni asiye na sifa hata moja huwekewa madau ya woga.

Sasa stempu zenyewe. Zishike kwa kibanio, si vidole. Usizioshe wala kuzipangusa. Ambayo haijatumika na gundi yake ya nyuma bado nzima kwa kawaida ina thamani zaidi, kwa hiyo piga picha mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Jino la ukingo wa stempu likiwa limekatika, lionyeshe na uliandike.

Na zile bahasha thelathini, tafadhali, usibandue hata stempu moja. Muhuri unaosomeka vizuri, wenye jina la posta na tarehe, hutafutwa na watu wasiojali stempu yenyewe, hasa ukiwa wa posta ndogo. Hakikisha ndani hakuna barua ya familia, kisha iuze kila bahasha peke yake, ikiwa nzima kama mzee alivyoiweka.