Jina la ukoo katika daftari la ndoa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimezipata picha zako mbili, ya kitabu cha ubatizo na ya daftari la ndoa, pamoja na swali lako: je, mtoto aliyebatizwa kwa jina la Tschuma ndiye bibi arusi aliyeandikwa Chuma, na kama ndiye, tahajia ipi ni sahihi?

Anza na aliyeshika kalamu. Mwenye jina alilitamka tu, na padre akaliandika kwa herufi za lugha aliyolelewa nayo. Sauti yetu ya ch Mjerumani huiandika tsch na Mfaransa tch. U yetu kwa Mfaransa huwa ou, kwa Mwingereza mara nyingi oo. Mtu mmoja akihudumiwa na mapadre watatu, anaweza kuacha majina matatu vitabuni bila yeye kubadili lolote. Nilipoikuza picha ya ndoa niliona alama ya msalaba mahali pa sahihi ya bibi arusi, maana yake hakutia sahihi kwa mkono wake, kwa hiyo hakuna hata moja kati ya tahajia hizi tunayoweza kusema aliichagua yeye. Mumewe ni tofauti: juu padre ameliandika jina lake kwa r, chini mwenyewe ametia sahihi kwa l, na hapo mimi humwamini mwenye jina.

Jihadhari pia na Kilatini. Maneno filia Petri uliyoyachukua kuwa jina la ukoo yana maana ya binti wa Petro tu; hiyo i ya mwisho ndiyo inayobeba neno "wa". Vivyo hivyo Jacobus ni Yakobo, jina la ubatizo.

Kama ni mtu yule yule, tahajia peke yake haiwezi kukujibu. Watazame waliosimama naye. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kwamba paroko aandike majina ya wanandoa na ya mashahidi, pamoja na siku na mahali, na mstari wa mashahidi, ambao wengi huuruka, ndio ninaouthamini kuliko yote. Shahidi wa kike katika ndoa hii ana jina lile lile la msimamizi wa ubatizo, na jina la baba linalingana katika vitabu vyote viwili. Nayaona hayo kuwa ushahidi mzito, ingawa bado si uthibitisho.

Uthibitisho unaweza kuwa pembeni mwa ukurasa. Ne Temere, amri ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, ilimtaka paroko aiandike ndoa katika kitabu cha ubatizo pia, na hawa walioana baada ya hapo. Picha yako ya ubatizo imekatwa ukingoni. Mwombe tena paroko ruhusa, uupige ukurasa wote mpaka kwenye mshono wa kitabu, kisha unitumie kabla hujaandika jina lolote katika mti wa ukoo wetu.

Mzazi wako akupendaye.