Matone ya "dhahabu nano" na dripu ya sisplatini

SWALI: Shangazi yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Anapigwa mionzi hospitali ya Mulago, Kampala, na kila wiki hutundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Jirani amemletea matone ya "dhahabu na fedha nano" (yaani chembe ndogo mno za madini hayo), eti anywe kutwa mara mbili na dripu aiache. Nimesoma kwamba chembe za dhahabu kweli huua saratani. Anywe? – Msomaji, Jinja

JIBU: Asinywe, na dripu asiiache.

Ulichosoma kipo, ila dhahabu peke yake haiui uvimbe. Katika majaribio ya saratani ya tezi dume huko Marekani, chembe za silika (kitu kinachounda mchanga) zilizovikwa dhahabu, za nanomita 150 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), zilipitishwa kwenye mshipa. Siku iliyofuata nyuzi za leza (mwanga mkali) zikaingizwa ndani ya tezi. Joto la leza ndilo lililounguza uvimbe. Chembe za hafniamu, madini mengine, nazo hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, kisha mionzi ifuate. Matone ya mdomoni hayana leza wala sindano. Hata zinazopita mshipani, nyingi hunaswa na ini na wengu: uchambuzi wa 2016 uliojumlisha majaribio ya wanyama ulikuta kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya dozi. Fedha ikinywewa muda mrefu hugeuza ngozi kuwa ya kijivu, na rangi hiyo haitoki.

Tena shangazi tayari anatibiwa kwa madini: sisplatini ina platinamu. Hung'ang'ania DNA (chembe za urithi) ya seli isijinakili, na mionzi ikapata makali. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila mita mraba ya mwili kila wiki. Mwenye mita mraba 1.5 hupata miligramu 60. Huweza kuumiza figo, ndiyo maana hutanguliwa na maji ya chumvi ya dripu, na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo) hupimwa kabla ya kila dozi. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, huzidi kuziumiza figo. Wengi huimeza bila kumwambia daktari.

Masikio yakivuma, mkojo ukipungua, au akitapika hata maji, arudi hospitali siku hiyohiyo. Figo zikilegea, daktari anaweza kusimamisha sisplatini au kubadilisha dawa huku mionzi ikiendelea. Mionzi isikatizwe: tiba yote ya mionzi, pamoja na ile inayowekwa ndani ya mwili, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8.

Kama ameshaonja matone, apeleke chupa kliniki kabla ya dripu ijayo na aseme ameyanywa kwa siku ngapi.