Muulize anapaka nini: kwa mabinti wapya wa kazi ya ngozi

Juzi niliingia chumba cha nyuma nikamkuta binti mwenye wiki tatu kazini kamwacha mteja chini ya stima, mashine ya mvuke wa uso, taulo machoni, yeye yuko dirishani anachati. Sikupiga kelele. Nilizima stima, nikamfuta mama wa watu uso, kisha nikajifungia stoo nikacheka peke yangu, cheko la uchungu, maana yule binti ni mimi wa mwaka 2012. Haya ni yake na wenzake mnaoanza kazi hii hapa Mwanza. Klinza, tona na skrabu mnazijua, huko sirudi.

1. Muulize mteja anapaka nini, kisha usimwamini.

Hakuna atakayekuambia anatumia mkorogo wa kujichubua. Atasema losheni ya kawaida, au kwamba kwao wote ni weupe. Wewe mwombe mikono kana kwamba unamsifia kucha, utazame vifundo vya vidole. Vikiwa vyeusi na uso ni Fanta, jibu unalo. Humo kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi, na wachanganyaji wengine hutia kila kitu. Kwenye vipodozi zimepigwa marufuku miaka mingi, ila zinafika. Steroidi huila ngozi ikabaki nyembamba, na asidi ya pilingi, ile ya kubandua ngozi ya juu, ukiiweka juu yake huzama kabla hujamaliza kufunga kizibo.

2. Asidi usiipe mgongo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nilikuja mwaka 2011 kwa basi, na pale Busisi tulingoja kivuko mpaka nikajua majina ya watoto wa abiria wenzangu (nyinyi mnapita darajani siku hizi na bado mnalalamika). Nilikodi kiti kimoja kwenye saluni ya nywele Kirumba. Wateja wa mwanzo walikuja kucheka Kiswahili changu, uso ulifuata baadaye. Mwaka mmoja tu nikawa na chumba changu, na kiburi changu.

Jumatano moja akaja binti na mama yake. Send-off ilikuwa Jumamosi. Aliomba fesho tu, usafi wa uso. Mimi nikamshawishi afanye pilingi ya glaikoliki ya asilimia 50, kwa sababu ina bei nzuri na chupa mpya nilikuwa nimeinunua kwa deni. Sikumjaribu nyuma ya sikio. Sikumuuliza anapaka nini. Saa ya ukutani ilikuwa imeisha betri, nikasema nitahesabu kichwani. Mara kijana akapita mlangoni na sato wabichi, bado wanapiga mikia. Nikatoka. Tukavutana bei. Nikamsikia ndani akiita, "Dada, inawasha." Nikamjibu nikiwa nje, "Vumilia mdogo wangu, urembo ni gharama."

Niliporudi na samaki wawili mkononi, shavu lake la kushoto lilikuwa na mabaka meupe kama chaki. Nikaosha kwa maji na magadi ya kupikia, nikaosha tena, vidole vyangu vinanuka shombo usoni pa bibi harusi. Na kama hilo halitoshi, nikafungua mdomo: "Usiogope, ni sumu zinatoka." Kisha nikampaka krimu ya steroidi niliyoikuta kwenye droo, ili uvimbe ushuke wasione haraka. Kuunguza ni ajali. Hii ya pili niliifanya nikijua.

Ijumaa mama yake alirudi peke yake. Hakutukana. Alivua viatu, akakaa kwenye kochi la wateja. Kila aliyeingia na kumuuliza, "Mayu, umekuja kufanya nini?" alijibu, "Nimeleta picha ya mwanangu," akatoa simu. Alikaa hivyo mpaka nafunga. Wiki ile sikushika uso wa mtu.

Nilimpeleka binti kwa daktari, nikalipa dawa na nauli mpaka mwisho. Ni kwa daktari ndipo alipokiri kwamba amepaka mkorogo tangu kidato cha tatu. Nikavuta pumzi nikidhani nimepona. Mama akamtazama mwanawe, halafu akanigeukia mimi: "Na wewe hukumuuliza?"

Ngozi nyeusi ikiungua huacha weusi, na weusi ule ulikaa miezi minane. Siku hizi yule binti ana watoto wawili. Tukikutana Makoroboi ananipa shikamoo kamili. Uso anafanyia kwingine.

3. Asidi ijaribu kwanza nyuma ya sikio, ungoje saa 24. Mwenye haraka mpe masaji aende zake.

4. Kijiti cha waksi kikishagusa ngozi hakirudi kwenye chungu.

5. Jua. Tuko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa linakurudishia mwanga usoni. Mama anayeanika dagaa Mwaloni ukimfanyia pilingi bila kumpa mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, umemuuzia madoa. Mteja mwenye ualbino asidi usimguse nayo, na ukiona kidonda kisichopona mwambie siku hiyohiyo aende hospitali. Usijifanye unajua ni nini. Mimi nina miaka yote hii na sijifanyi.

6. Karatasi. Hii ni ya wageni wenzangu mnaonipigia kutoka Bujumbura na Kisumu. Mwaka 2025 serikali iliwafungia wasio raia biashara ya saluni, isipokuwa ya hotelini au ya utalii. "Mbona wewe dada?" Mimi nimeolewa hapa na tajinisi, uraia wa kuomba, ninayo, niliihangaikia kuliko mahari. Ulizeni kabla ya kununua hata kioo.

7. Simu inalala kwenye kikapu pale mlangoni, yangu ikiwamo. Na wauza sato wa mtaa huu wote wanajua, kwangu hodi ni baada ya saa kumi na moja jioni.